Vyumba Nilivyoviandika Vibovu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nilipotumwa kutoka ofisini mjini kwenda kuorodhesha jumba la mkulima mmoja wa Kizungu, upande ule wa Ngong Road. Serikali ilikuwa imelinunua ili lihifadhiwe kama kumbukumbu. Mimi nilikuwa karani mpiga chapa, binti wa kijiji cha Mutuini, nimevaa viatu vya kisigino na maringo ya kutosha kugawia mtaa mzima wa Woodley.

Niliandika kila kitu: veranda, sakafu ya mbao, hata vitasa vya milango. Nyuma ya jumba palikuwa na vyumba vya mawe vya wafanyakazi. Bila hata kuchungulia nikaandika, "Vibovu. Vibomolewe."

Mzee Njoroge, aliyekuwa mpishi wa jumba lile na bado akiishi pale nyuma, aliniuliza nimeandika nini. Nikamsomea.

"Nyumba ya Mzungu mnaweka, yetu mnavunja? Ingia kwanza, msichana, ndio uandike."

Ndani, ukuta ulikuwa umejaa mistari iliyochorwa kwa msumari. Kila mstari ni mtoto aliyezaliwa mle. Hakuna aliyewapa cheti, kwa hiyo wazazi walichora. Mzee alinionyesha minne yake, mmoja umekatwa katikati, wa aliyefariki. Niliona aibu kubwa. Mama yangu naye alichuma kahawa kwenye shamba kama lile. Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa nimewakataa kwa maandishi.

Nilirudi ofisini nikapiga chapa upya: "Vyumba vya wafanyakazi vihifadhiwe." Mkubwa wangu akafoka kwamba Serikali imenunua jumba, si vibanda. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi nikaona guu na livunjike. Nikamwekea karatasi na kalamu mezani.

"Mimi sifuti, bwana. Ukitaka kufuta, futa kwa mkono wako."

Aliishika ile kalamu lakini hakufuta, akatia sahihi chini ya orodha. Juma lililofuata nilihamishiwa stoo ya mafaili, nikala vumbi miaka miwili. Sijajuta hata siku moja, na vyumba vile bado vimesimama.

Nawe basi, unayekalia kiti cha ofisi leo, usiuite mbovu mlango ambao hujaufungua. Wakikuambia historia ni ya wenye majumba, wabishie kwa adabu, lakini usirudi nyuma. Wakitaka watu wafutwe, wawafute wenyewe, wakikutazama usoni. Mungu akujalie shingo ngumu penye haki, na mkono wako usimfute mtoto wa mtu. Amina.