Kilio Kisichokuwa na Maiti

Wajukuu zangu mtakaosoma haya, shule yangu mimi ni kisomo cha watu wazima tu, basi msinitafutie makosa ya mwandiko. Sikilizeni.

Nakumbuka mchana mmoja, miaka ile serikali ilipotaka kila mtu ajue kusoma. Nilikuwa nakaa mtaa wa Chuno kwa kaka yangu Saidi, mbeba mizigo wa bandarini. Mwalimu wetu wa kisomo, kijana wa kutoka bara, alikuwa na riwaya nene ya Mrusi mmoja wa zamani. Alitusimulia kwa Kiswahili, kidogo kidogo, kisha akasema tuifanye mchezo wa kuigiza siku ya kufunga darasa. Mle ndani kuna mama aliyefiwa na mtoto. Nafasi hiyo akapewa wifi yangu Fatu, mke wa kaka, naye Fatu alikuwa kamzika mtoto wake wa kwanza mwaka uliopita.

Tukafanya mazoezi uani kwetu. Mwalimu akamwambia, "Lia, dada, watu wa nyuma wasikie."

Fatu akalia. Wajukuu zangu, hakuigiza.

Kabla hajanyamaza, wanawake wa mtaani walishaingia, kanga viunoni, huyu na kuni, huyu na unga. Wazee wakauliza kaburi lichimbwe wapi. Bibi Asumini, Mmakua, mtani wetu, akajilaza mlangoni kama watani wafanyavyo msibani. "Maiti hatoki humu mpaka nipewe kuku!"

"Hakuna maiti, bibi," nikasema. "Ni mchezo."

Akainua kichwa. "Na unga huu nao wa mchezo?"

Watu wangecheka, lakini kaka aliingia mbio, kaambiwa bandarini kwamba kwake kuna kilio. Akamnyakua mtoto wao wa pili kwenye mkeka, akampapasa miguu, akampapasa kichwa. Kisha akasema mchezo umekwisha, na Fatu hakanyagi tena darasani. Fatu akafunga daftari lake. Wiki hiyo ndiyo alikuwa ameweza kuandika jina lake.

Bibi Asumini akasimama, akajikung'uta. Mtani hazuiwi kusema.

"Mwalimu, huyo Mrusi wako, alipoandika kifo hicho, alipiga yowe?"

"Hapana, bibi. Alieleza tu."

"Na wewe uliposoma?"

Mwalimu akatazama chini. "Nililia."

"Basi huyu anyamaze, mwingine aeleze. Saidi, mkeo aende darasani."

Kaka alikaa na mtoto mapajani. "Aende," akasema mwishowe. "Ila nisisikie sauti."

Unga ule tukausonga, tukala wote.

Siku ya mchezo nilisimulia mimi. Fatu alikaa akikunja nguo za mtoto, moja moja, kimya. Kaka, ambaye hakudondosha chozi makaburini, alitoka nje akaegemea ukuta mpaka tulipomaliza.

Igizeni mtakavyo, sikatazi. Lakini yowe la msiba si lenu peke yenu. Jirani akilisikia anaacha chungu motoni anakuja. Msimwite kwa jambo lisilokuwepo. Na mwenye uchungu wa kweli msimtake autoe hadharani ili nyinyi mpigiwe makofi.

Mwenyezi Mungu awakuzie watoto, wawazike nyinyi, msiwazike wao.

Nyumbani kwangu niliamuru, na amri haijafutwa: humu hapigi yowe mtu ila aliyefiwa.