Dereva wa Magodoro Anyimwa Usingizi na Maoni ya Mtazamaji Mmoja

Ni alfajiri, ukungu bado umelala barabarani, na Baba Godoro anafunga kamba ya mwisho juu ya shehena yake. Magodoro yamepangwa mpaka yamepita kimo cha kabini, meupe, mepesi, na lori linapotoka nje ya geti la kiwanda halionekani kama linatembea. Linaelea.

Anaendesha polepole. Mzigo wake hauna haraka, husema, maana anayesubiri godoro ameshazoea kulala chini. Kwenye kituo cha mafuta, mhudumu anachomeka bomba kwenye tangi na kuuliza swali lake la kila wiki.

"Mzee, tuambie ukweli. Yule dada ulimwacha wapi?"

"Alisema nimshushe hapo mbele, nikamshusha."

"Hapo mbele wapi?"

"Mbele."

Mhudumu anatikisa kichwa. Hajaridhika, na wiki ijayo atauliza tena.

Dada anayeulizwa habari zake hayupo duniani wala ahera. Ni mhusika wa filamu iitwayo *Nishushe Hapo Mbele*, iliyotengenezwa mwaka jana kwa pesa za kuungaunga na mpiga video za harusi aliyechoshwa na harusi. Inahusu watu wawili wasiojuana. Mwanamke anaomba lifti, dereva wa lori anampa, wanasafiri kutwa nzima bila kuulizana majina. Jioni mwanamke anashuka kwenye njia panda. Basi, imeisha.

Baba Godoro, jina alilobandikwa na wateja na ambalo siku hizi hata wanawe wanamtania nalo, alikodiwa kwa sababu ya lori lake tu. Mwigizaji wa kucheza dereva alikuwepo, kijana mtanashati, ila alikuwa ameficha jambo moja: kuendesha hajui. Kwenye kilima cha kwanza lori lilizima, likaanza kurudi nyuma na watu wote ndani.

"Alishuka anatetemeka, akasema sanaa basi," Baba Godoro anasimulia huku akicheka. "Mwongozaji akaniangalia juu mpaka chini. Akaniambia, mzee, hebu vaa hilo shati lake."

Maneno ya kukariri yalimshinda. Akifika sentensi ya pili, ya kwanza imeshatoroka. Mwongozaji akafuta maneno yote ya dereva, akamwambia ashike usukani na amsikilize abiria. Kipaza sauti kilifungwa kwenye mpini wa fagio, na usiku kikosi kizima kililala nyuma, juu ya magodoro ya watu. Malipo yalikuwa mafuta ya safari na ahadi. Mafuta yalikwisha, ahadi bado iko njiani.

Filamu hiyo sasa inatazamwa kwenye simu, na pia kwenye ukumbi wa mabenchi nyuma ya karakana ya seremala. Maoni yamejaa tele.

"Mtu mzima unalipa kiingilio, unaonyeshwa barabara," analalamika kinyozi aliye jirani na ukumbi. "Hakuna ngumi, hakuna risasi, hata busu hakuna. Nikawa naomba basi wagongwe na kitu." Anakung'uta taulo. "Lakini nilipotoka nilimpigia dada yangu simu. Tulikuwa hatusemezani."

Mwalimu mmoja mstaafu anasema kamera inatetemeka kama ina homa. Kwenye simu, mtu ameandika: "Jamani wachangieni hawa wanunue hata taa." Mwingine kaandika: "Nililala katikati, nikaota nimo humo ndani ya lori. Kuamka, bado wanaenda. Sijawahi kupumzika hivyo."

Jambo moja tu halina ubishi, nalo ni jinsi dereva anavyosikiliza. Kuna mahali mwanamke anasimulia kwamba nyumbani kwake watu wamejaa, lakini maneno yake huyasikia masufuria peke yake. Dereva hajibu. Anainamisha kichwa kidogo, macho yanakuwa membamba, na mvua inaanza kugonga kioo. Ukumbi hunyamaza hapo, kinyozi naye akiwemo.

Mtazamaji mmoja alitoka bila kutoa maoni. Ni Mama Pacha, mke wa Baba Godoro, mshonaji wa foronya, aliyekwenda na wenzake wa kikundi na kukaa benchi la mbele.

"Nilidhani atanicheka," anasema mumewe. "Alifika, akakaa kwenye cherehani, akashona mpaka giza. Hakusema neno. Na mke wangu ni mtu wa maneno!"

Siku zilipita ndipo akafunguka. Mama Pacha haoni aibu kuyarudia aliyoyasema.

"Nilimwonea wivu yule mwanamke. Si wivu wa mapenzi, yule mtoto tu. Nilimwonea wivu wa kusikilizwa. Mimi nimeongea na mgongo wa huyu baba tangu pacha wetu wakiwa tumboni. Nikianza, anaongeza redio."

Baba Godoro akajitetea kwa ukweli, na ukweli ukamponza. Akamwambia mkewe asiumie, kwani siku ile hakumsikiliza yule dada hata kidogo. Gurudumu la mbele lilikuwa linavuma, na yeye alikuwa anasikiliza beringi.

"Nikamwambia, kumbe hata beringi imenizidi," anasema Mama Pacha. Anacheka, lakini uzi umemkatikia, na inamchukua muda kulipata tena tundu la sindano.

Tangu hapo Baba Godoro, pamoja na magodoro yote yale, akawa analala usingizi wa mang'amung'amu. Filamu yenyewe alikuwa hajaitazama, safari hazikumpa nafasi. Mchana mmoja aliwahi kushusha mzigo, akalipa kiingilio kama watu wengine, akakaa benchi la nyuma. Kwa mara ya kwanza akasikia abiria wake alikuwa anasema nini.

"Yale maneno ya masufuria ni ya mke wangu," anasema taratibu. "Yaani kama yule binti alikuja akakaa jikoni kwetu. Nililia, ndugu mwandishi. Watu wakadhani najililia kwa jinsi nilivyoigiza vizuri."

Jioni hiyo alizima redio, akavuta kigoda karibu na cherehani.

"Niambie," akasema.

"Nikwambie nini?"

"Chochote."

Mama Pacha akamshika paji la uso kuona kama ana homa. Kisha akaanza na nyuzi za siku hizi zinavyokatika ovyo, akaenda kwa mdogo wake, akafika kwenye ndoto inayomjia kila mara, ya nyumba yenye madirisha mengi, yote wazi, na upepo unapita na mapazia. Baba Godoro anakiri kwamba kwenye mapazia alisinzia. Akaomba radhi, akaomba ndoto irudiwe toka mwanzo.

Sasa wana mpango. Shule zikifungwa, pacha watakwenda kwa shangazi yao, na lori litashika barabara ile ile ya kwenye filamu, tupu, na godoro moja tu nyuma. Kiti cha abiria ni cha Mama Pacha. Ameolewa na dereva miaka yote hii na hajawahi kupita soko kuu akiwa amekaa mbele. Anataka kuiona njia panda aliyoshukia yule dada, ajue huko mbele kuna nini.

Na filamu, hatimaye, aliionaje?

"Maoni yangu nitayatoa nikirudi," anajibu Mama Pacha, mguu ukiwa juu ya kikanyagio cha cherehani.

Nje, mumewe yuko chini ya lori, inaonekana miguu tu. Anabadilisha beringi za mbele, ingawa bado ni nzima. Redio ameshaing'oa.