Nilikuwa Mdomo wa Mama

Wengine wakikuta karafuu kwenye pilau huiweka kando ya sahani. Mimi nikiiuma tu narudi Kirumba, nyuma ya meza ya mama, miaka ile viwanda vya samaki vilipofunguliwa kandokando ya ziwa. Minofu ya sangara ilipanda ndege ikaenda Ulaya. Sisi tulibakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa, na mama aliyakaanga akauza.

Karafuu ilikaa shavuni mwake tangu asubuhi. Fizi zilimvimba, zikawa nyekundu kama nyama ya pera lililoiva, na kila akipiga mswaki anatema damu. Basi akauacha mswaki. "Kidonda hakisuguliwi," alisema, na mtaa mzima ukaafiki, hata yule jirani yetu aliyekuwa anabisha kila kitu, mpaka mvua.

Harufu ya kinywa ikaja. Na mapanki hayauziki kwa kunyamaza. Lazima umwite mtu, umtanie, mvutane. Mama akajifunika mdomo kwa kanga, akanitoa darasa la tatu, akanikalisha juu ya ndoo kati yake na ukuta. Pacha wangu Doto alikuwa kwa bibi kule Misungwi, yeye aliendelea kusoma. Mimi nikifinywa mara moja nakubali bei, mara mbili nakataa. Wenzangu walipita na madaftari yao, nami siwezi kutoka mpaka mama ainuke, na mama hainuki.

"Mama Kulwa, siku hizi umeajiri msemaji?" wateja walimtania. Nilicheka kwa niaba yake.

Jino la mbele likamtoka kwenye ugali. Akalifunga kwenye pindo la kanga, akaendelea kula. Nilidhani hajali. Lakini asubuhi moja nilitema mate mekundu, akayaona. Kwanza akaninyang'anya mswaki. Kisha akakaa akiuangalia mkononi, na siku hiyo meza haikupangwa. Tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mnene, mcheshi. Aliniangalia kinywa, kisha akamgeukia mama. Mama akanifinya.

"Mama anasema yeye haumwi," nikasema.

"Namuuliza mwenyewe."

Mama akashusha kanga. "Naona aibu, daktari."

"Fungua tu, mama. Mimi nakula kwa vinywa vya watu."

Akatuambia mswaki haukuwa na kosa. Uchafu hung'ang'ania penye mzizi wa jino, ukigeuka ugaga unakuwa mgumu kama jiwe, ndio unaotia fizi ugonjwa mpaka zitoe damu. Mama alipoacha kusugua, aliulisha. Karafuu ilificha tu. Alimkwangua mama ule ugaga, tukarudi tena na tena. Akatufundisha kusugua taratibu kwenye fizi, hata damu ikitoka. Meno mawili yaliyokwisha kulegea hayakupona. Mengine yalishika.

Mama akaanza kuita wateja mwenyewe, sauti ikafika mpaka soko la Mwaloni. Mimi nilikuwa mrefu kuliko wa darasa la tatu, nikaona haya kurudi. Nikabaki mezani.

Miaka mingi niliihesabu mifinyo ile kuwa ukali. Siku hizi najua tulikuwa wawili tuliobanwa pale, na ukuta wake ulikuwa ile kanga.

Mjukuu wangu akisema mswaki umemtoa damu, simnyang'anyi. Namshika mkono, tunasugua polepole. Akishasukutua namwambia, haya, fungua mdomo, uniambie leo shuleni wamewafundisha nini.