Nilimsomea Nyapara Maneno ya Mtoto

Kosa ni langu, wala sitamtupia mwingine. Mtoto aliniamini, nami nikamsaliti kwa sauti ya majivuno!

Mume wangu alifariki tarehe 3 Februari 1964. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na mmoja, na mwaka wa 1968 nikaajiriwa kuandika kadi za wagonjwa katika zahanati ya shamba moja la chai, upande wa Kericho. Kazi hiyo ndiyo iliyotupa nyumba, mimi na wanangu.

Jumanne, tarehe 9 Juni 1970, nyapara wa wachumaji alimleta binti wa marehemu kaka yake, mwenye miaka minane. Mkono ulikuwa umevimba.

"Huyu ameanguka mtoni," akasema, akatoka kuvuta sigara.

Nilimwuliza mtoto taratibu, kwa Kipsigis. Akanong'ona: "Ni yeye. Alinipiga kwa mpini wa jembe. Usimwambie, mama."

Nikaandika kila neno.

Desturi yetu ilikuwa hivi: aliyemleta mgonjwa husomewa kadi, kisha huweka kidole gumba. Nami nilipenda mno kuwasomea watu! Nyapara aliporudi nikasoma, na nilipozinduka, jembe nilikuwa nimekwisha kulitamka. Lo!

Hakukasirika. Alicheka.

"Mama, umejua kusoma juzi tu, na sasa unatunga hadithi? Andika mto. Ama umechoka na ile nyumba?"

Nikairarua kadi. Nikaandika mto, kwa mwandiko wangu mzuri. Mganga wa zahanati akaufunga mkono, nyapara na mtoto wakaondoka pamoja.

Ningeweza kumfuata mganga baadaye. Lakini ningemwambia nini, ilhali uongo ulikuwa wa mkono wangu?

Walitakiwa kurudi tarehe 23. Hawakuja. Nilikutana na mtoto mwezi wa Septemba, amebeba kuni, mkono umepinda. Nikamwita kwa jina.

"Nilianguka mtoni, mama," akajibu, kabla sijamwuliza lolote.

Sasa ni mwaka wa 1977, na bado naishi katika nyumba ile. Kila asubuhi nyapara hupita mlangoni na kunisalimu kwa Kipsigis: "Chamgei, mwalimu!" Nami huitikia. Nifanyeje?

Enyi mnaowauliza watoto wenye majeraha, mwulizeni mtoto akiwa peke yake, na neno lake lisimrudie aliyemleta. Mpelekeeni mganga siku hiyo hiyo, kabla woga haujapata wakati wa kuwafikiria wanenu.