Toleo Jipya na Ulinzi wa Shangazi

Kilichoninyima usingizi ni namba moja kwenye kioo cha kompyuta. Programu yangu ya sataranji ilikuwa imetolewa toleo jipya. Nikalipakua kwa bando lililobaki, nikaliachia liuchunguze ule ulinzi wa kete nyeusi niliomfundisha shangazi yangu. Toleo la zamani lilikuwa limesema kete nyeusi ziko salama. Hili jipya likazipa namba ya chini, maana yake ziko taabani. Nililala chali mpaka adhana ya alfajiri nikijiuliza: hivi lina nguvu kweli kuliko la zamani, au linajua tu kutisha watu?

Lingekuwa jambo la mchezo tu kama si shangazi. Ni dada wa pekee wa baba, mkunga katika hospitali moja ya serikali hapa Malindi, na kwa miaka mingi ndiye aliyekaa meza ya kwanza katika timu ya sataranji ya wafanyakazi wa kaunti. Mwaka huu kijana mmoja wa ofisi ya maji, kutoka Kilifi, alikidai kiti hicho. Wakakubaliana wacheze mchezo mmoja Jumamosi, na kura ikampa kijana kete nyeupe, yaani yeye ndiye angeanza. Shangazi akipata hata sare, kiti ni chake. Akishindwa, anakuwa wa akiba. "Na kwa umri wangu," aliniambia, "akiba ni mlango wa kutokea."

Mimi ndiye niliyemwandalia ulinzi. Nilimaliza chuo kikuu mwaka jana, shahada ya takwimu, na tangu hapo nimetuma maombi ya kazi kila mahali, kuanzia mahoteli ya Kikambala hadi ofisi za Nairobi. Shangazi alikuwa mtu pekee aliyesubiri nimwambie la kufanya. Jambo hilo lilinifurahisha na kunitia hofu kwa kiasi kilekile. Yeye alikuwa ameshika hatua zote kwa moyo. Angeweza kuzitaja huku anakunja kanga.

Sasa kijana yule alikuwa anajigamba kwenye kundi la timu kwamba anafanya mazoezi na toleo jipya. Nikimwambia shangazi abadilishe ulinzi, siku zilizobaki hazitoshi kujifunza mwingine, na atakaa mezani akitafuta alichosahau. Nisipomwambia, na kama namba ile ni ya kweli, nitakuwa nimempeleka shimoni kwa mkono wangu. Halafu nikawaza: itakuwaje nikimwambia, yeye akatae kubadilisha, lakini hofu yangu imwingie? Nilipofika hapo sikuweza kunywa chai.

Nikaamua kuyapambanisha matoleo. Jipya nikaliweka kwenye kompyuta, la zamani kwenye simu, pale dirishani mtandao unapopatikana, nami nikakaa katikati nikihamisha hatua za huyu kwenda kwa yule. Nilianzia palepale penye ulinzi wa shangazi, na kete nyeusi nikaliachia la zamani. Jipya likashinda. Nikarudia, likashinda tena, safari hii kwa dharau.

Mama alipita na ndoo. "Unacheza na nani?"

"Sichezi, mama. Yanacheza yenyewe."

"Na hilo jasho ni la nani?"

Nikaichukua simu nimpigie shangazi nimwambie ulinzi umevunjika. Ilikuwa ya moto kama pasi. Ilikuwa imekaa juani asubuhi nzima, na simu yangu ni kuukuu, ikipata joto hufanya kila kitu polepole. Nilisimama nayo mkononi kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe. Mimi niliyesomea takwimu sikuwa nimepambanisha toleo na toleo. Nilikuwa nimepambanisha kompyuta iliyo kivulini na simu iliyo juani.

Nikageuza: la zamani kwenye kompyuta, jipya kwenye simu. Safari hii la zamani ndilo lililoshinda, tena likiwa na kete zilezile nyeusi.

Ningefurahi, lakini mimi si mtu wa kufurahi haraka. Nikayaweka yote mawili kwenye kompyuta, muda sawa kwa sawa, kete nyeusi mikononi mwa la zamani. Sare. Sare. Kisha jipya likashinda mara moja, halafu sare tena. Ushindi ule mmoja ulinikera kuliko yote. Ulikuwa wa nguvu, au wa bahati? Wanaotengeneza programu hizi huzichezesha maelfu ya michezo kabla ya kusema zimeongezeka nguvu, nami naamini hawasemi uongo. Lakini mimi sikuwa na maelfu. Nilikuwa na kompyuta moja, na Jumamosi iliyokuwa inakuja. Na hata kama jipya lina nguvu zaidi katika michezo yote duniani, hilo halikuniambia kama ulinzi huu mmoja utasimama mbele ya mtu mmoja. Au nilizipenda sare zile kwa sababu nilizitaka?

Alhamisi alasiri nikaenda kwa shangazi. Alikuwa ametoka zamu, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona uso kama wa mume anayengoja nje ya leba?"

Nikamweleza yote: namba, simu, jua, sare, na ule ushindi mmoja. Nazi ikaisha, akaendelea kukuna kifuu.

"Kwa hiyo hilo jipya lina nguvu zaidi?"

"Labda. Kidogo. Sijui."

"Wewe nawe ni toleo jipya la kaka yangu. Ushamfunga baba yako kwenye ubao?"

"Bado."

Akacheka, lakini kicheko hakikukaa. Akaweka kifuu chini. "Mwanangu, mimi sielewi namba zako. Yule kijana ananiita bibi mbele ya watu, na kila mtu anacheka, na mimi nacheka. Nitafanya utakaloniambia. Nibadilishe, nisibadilishe? Neno moja."

Nilitaka kusema inategemea. Neno hilo ndilo lililonifaulisha mitihani yote. Nilimtazama, nikaona vidole vyake vilivyojaa nyuzi za nazi vinakiokota tena kile kifuu, na nikaelewa kwamba hata nikipambanisha matoleo yale mwezi mzima, jibu litabaki labda, na Jumamosi itafika vilevile.

"Usibadilishe," nikasema.

"Una hakika?"

"Sina. Lakini usibadilishe. Kuna hatua moja ambayo jipya huicheza na la zamani halikuiwaza. Hiyo ndiyo tutakayoishughulikia, leo na kesho, mpaka uichoke."

Akaenda kunawa mikono. Nikatandika ubao juu ya mkeka, nikapanga kete palepale ulinzi unapokamilika, nikakaa upande wa kete nyeupe. Aliporudi nilikuwa nimeshaicheza ile hatua ya toleo jipya: askari wa pembeni, kuelekea kwa mfalme wake mweusi.

"Jibu," nikamwambia.