Akirudi, Atapitia Wapi

Kilichoninyima usingizi wiki ile kilikuwa swali dogo ambalo hata kulitamka ni aibu: nimwambie mama jinsi tamthilia inavyoisha, au nimwache aone mwenyewe?

Ilikuwa tamthilia fupi ya uhalifu, ya sehemu sita, iliyokuwa ikionyeshwa kila Jumapili mchana watu wakishatoka kanisani. Sehemu zote zilikuwa tayari mtandaoni. Mimi ni mtu asiyeweza kumngoja daktari bila kwanza kusoma dalili za magonjwa yote, kwa hiyo baada ya sehemu ya nne niliiruka ya tano nikatazama ya mwisho kwenye simu, peke yangu. Kijana aliyepotea anarudi. Gari lake lilikutwa kando ya daraja, mlango wazi, mwili haukuonekana, na familia ilikuwa imekwisha kumlilia. Halafu, dakika za mwisho kabisa, anasukuma geti la kwao na kuingia akiwa hai. Mama yake anaangusha sufuria. Muziki unapanda.

Hicho ndicho nilichoogopa mama yangu asije akakiona.

Kaka yangu naye hakupatikana. Alikuwa fundi wa friji. Alivuka kwenda kisiwani kutengeneza mashine ya barafu ya watu wa samaki, na boti ikapinduka wakirudi. Wenzake waliokotwa mmoja mmoja, wakapelekwa makwao wakazikwa. Yeye ziwa halikumtoa. Tulikaa ufuoni mpaka watu waliokuwa wakituletea chai wakaacha kuileta, kwa sababu hawakujua tena watuambie nini.

Kwetu, mtu asipopatikana, huzikwa yago badala yake. Ni tunda refu, zito, la rangi ya kijivu, linaloning'inia mtini kwa kikonyo kirefu kama kamba. Hufungwa kwa nguo, huliliwa, hulazwa kaburini kama mtu mwenyewe. Wazee husema kwamba bila hilo aliyepotea anabaki bila mahali, na walio nyuma yake hawawezi kuendelea. Mimi, kwa mfano, siwezi kujenga nyumba yangu nyumbani maana namfuata yeye kwa kuzaliwa, na mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Jambo hilo lilinisumbua kwa namna yake. Kila lilipotajwa nilihisi kana kwamba kaka anazikwa ili mimi nipate kiwanja.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa boma letu karibu na Pap Onditi tangu baba afariki, alilileta suala hilo mwaka ule ule wa ajali. Mama alimjibu mbele ya watu wote: "Tukizika yago leo, halafu mtoto arudi kesho, atapitia wapi? Atakuta tumeshamfungia geti." Suala likaishia hapo. Sasa baba mdogo alikuwa amepiga simu tena, akitaka lifanyike kabla ya mvua, na safari hii mama alimwambia atafikiria. Hakuwa amewahi kusema hivyo. Ndipo tamthilia hii ikaanza, na mwanamke wa kwenye runinga akawa na mwana aliyepotea kando ya maji.

Tulitazamia kwetu mjini, Kaloleni, kwenye runinga ambayo kaka aliinunua ikiwa imeharibika akaifufua. Picha ikianza kucheza, mtu huigonga ubavu wa kushoto, juu kidogo. Watazamaji tulikuwa wanne. Mimi na mama, jirani wa mlango wa pili, ambaye alitoka upande wa Murang'a zamani na anauza viatu vya mitumba, na mzee mstaafu wa nyumba ya kona, aliyekuwa dereva wa polisi.

"Ni bibi yake," mzee alitangaza katika sehemu ya kwanza, akimshuku mke wa yule kijana, hata majina ya waigizaji hayajaisha kupita. "Huyo mwanamke hajalia vizuri."

"Wiki ijayo utasema ni mbuzi," jirani alimwambia.

"Mimi nimebeba mainspekta maisha yangu yote. Sura ya mtu amefanya kitu naijua."

"Ulikuwa dereva, Mzee. Sura ulikuwa unaona kwa kioo."

Mama alicheka. Alikuwa ameinamia sinia, akichambua mboga, na nilimwangalia akicheka nikajiambia pengine hakuna ubaya. Lakini wiki iliyofuata, wakati wale wawili wakibishana kama muuaji ni mshirika wa biashara au shemeji, yeye aliuliza jambo lingine kabisa.

"Hao watu wametafuta mpaka wapi? Wanazunguka hapo kwa daraja tu. Si waende upande ya chini? Maji inapeleka mtu chini."

Jirani aliitazama mikono yake. Mzee akakohoa. Kwenye runinga inspekta alivua miwani, akaivaa tena.

Tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa akitazama tamthilia yake. Mzee alitafuta muuaji, akimshika mtu mpya kila Jumapili. Jirani alimhurumia mke, kwa kuwa naye aliwahi kusemwa vibaya na watu. Mama alifuata mwili. Sehemu ikiisha bila kuonekana hata kiatu, alikuwa akinyanyua sinia lake na kusema, "Bado," kisha anakwenda jikoni. Na mimi nilimtazama yeye kuliko nilivyoitazama runinga. Kila alipopumua nilitafuta maana yake.

Usiku nilisoma maoni ya watu mtandaoni. Wengi walikuwa wakali. Wengine walimtukana mke, wengine walimwombea mama, na mmoja alisema ameacha chakula cha mume kikaungua jikoni kwa sababu ya wasiwasi. Baada ya sehemu ya nne, ile ambayo familia inapanga ibada ya kuaga jeneza likiwa tupu, niliandika maoni yangu chini ya jina lisilo langu. Sikufikiri, na hilo kwangu ni nadra. Niliandika: "Wasimzike. Akirudi atapitia wapi?" Kisha nikafungua ya mwisho, nikaona anarudi, na nikalia kwa furaha kabla sijakumbuka kuogopa.

Jumapili ya sehemu ya tano, wakati wa matangazo, jirani alitoa simu yake atusomee maneno ya watu. Alikuwa na desturi hiyo, akibadilisha sauti kwa kila mwandishi.

"Huyu anasema atahama nchi kama ni shemeji. Huyu anataka kuoa inspekta. Na huyu, watu wamempenda sana, anasema..." Akasogeza simu karibu na macho. "'Wasimzike. Akirudi atapitia wapi?'"

"Huyo ana akili," mzee alisema.

Mama hakunitazama. Aliinuka, akaigonga runinga ubavu wa kushoto, ingawa picha ilikuwa imetulia.

Wiki nzima nililibeba lile swali. Nikimwambia mwisho, nitakuwa nimemwambia kwamba namwona dhaifu. Nisipomwambia, atamwona mwana wa mwenzake akiingia getini, na Jumatatu atampigia baba mdogo kumwambia hapana, tungoje. Nilifikiria hata kuziacha tokeni za stima ziishe. Jumapili asubuhi, akifunga kitambaa cha kanisa, mama aliniambia, "Angalia stima isituzimikie leo." Nikanunua tokeni.

Sehemu ya mwisho ilikwenda kama nilivyojua itakavyokwenda. Kijana aliposukuma geti, jirani alishika kichwa kwa mikono miwili na machozi yakamtoka. Mzee akasema alijua tangu mwanzo kwamba hakuna aliyekufa, na jirani, huku analia, akamkumbusha watu watano aliowashtaki kwa mauaji. Walicheka, wakalia, wakanywa chai. Mama aliangalia mpaka majina yakaisha. Kisha akakusanya vikombe.

Nilimkuta uani, kwenye bomba. Nilikuwa nimeandaa hotuba.

"Mama, ile ni tamthilia tu. Watu wanaandika wanachotaka..."

"Najua ni tamthilia," alisema kwa Kijaluo, bila kuinua kichwa. "Mtu amepotea miezi yote hiyo, halafu anaingia na viatu safi. Na mama yake hata hamuulizi alikuwa akila wapi."

Alisuuza kikombe, akakiinamisha.

"Mimi wasiwasi wangu ni wewe. Wewe ulijua tangu lini kwamba anarudi?"

Nilichukua vikombe viwili alivyokwisha kusuuza.

"Wiki yote umekuwa ukinitazama kama mgonjwa. Na lile neno la geti nililisema mimi, mbele ya baba yako mdogo. Nani mwingine angeliandika kwenye simu?" Alikausha mikono kwa leso. "Sikusemi kwa hilo. Nililisema kwa sababu sikuweza kusema lingine siku hiyo. Lakini mimi nilikaa pale ufuoni, nyathina, mwanangu. Nililiona ziwa. Najua mtoto wangu yuko wapi."

"Basi kwa nini ulimwambia baba mdogo kwamba unafikiria?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa bado. Mtu akizikwa na nduguye bado anamngoja, kuna kazi gani imefanyika hapo? Nilimwambia, acha kwanza, huyu mdogo hajakubali."

Ndani, mzee alikuwa bado akimweleza jirani makosa ya inspekta. Mimi nilisimama nikiwa nimeshika vikombe viwili vilivyolowa. Kwa wiki nyingi nilidhani nalinda tumaini la mama. Lilikuwa langu, na yeye ndiye aliyekuwa akilizunguka kwa uangalifu, kama mtu anayefagia nyumba yenye mtoto aliyelala.

"Wanataka mtu wa damu akate yago," alisema. "Baba yako mdogo ataweza. Si lazima uwe wewe."

Nilimwambia nitajibu kesho. Usiku ule sikuliwaza sana, na hilo lilinishangaza. Nilifuta yale maoni mtandaoni, na asubuhi nikampigia baba mdogo nikamwambia nitakata mimi.

Mti uko kando ya mto, mbali kidogo na boma. Baba mdogo alinichagulia tunda, lililonyooka kuliko yote, akanipa panga na kuniuliza kama nitaweza. Nilisema sijui. Kikonyo kilikuwa kigumu, kikaachia ghafla, na baba mdogo akalidaka kwa mikono miwili kabla halijagusa chini. Tulilifunga kwa shati la bluu la kaka, lile la kazi, ambalo mama alikuwa amelifua na kulipiga pasi. Nikalibeba kifuani. Lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri, na njia nzima sikubadilisha mkono.

Tulipokaribia nyumbani niliwaona watu wamesimama uani, na mama mbele yao. Geti lilikuwa wazi, limefunguliwa pande zote mbili, limeegemezwa mawe lisijifunge.

"Mpitishe," mama alisema.

Nikampitisha.