Neno la Rafiki Yangu

Juzi nilipita soko la Mangobo, hapa Kisangani, harufu ya samaki waliokaushwa kwa moshi ikanishika pua, nikasimama katikati ya njia mpaka mwenye pikipiki akanipigia honi. Usidhani ni njaa, ndugu yangu. Nilikuwa nimekumbuka Kiingereza.

Miaka ile ya vita shule yetu ilifungwa, na meli hazikupanda tena kutoka Kinshasa, kwa hiyo daftari na chaki ziliadimika mjini. Mwalimu aliyekuwa jirani yetu akatukusanya uani kwake. Kwa kuwa hakuwa na cha kuandikia, akatugawia maneno ya Kiingereza, kila mtoto neno lake la kutunza. Tukawa kamusi yenye miguu. Akitunga sentensi alitunyooshea kidole mmoja mmoja, nasi tukayatamka. Neno likiwa jina la kitu, ulisimama wima. Likiwa kitendo, ulitembea. Tulipomuuliza neno moja linawezaje kufanya kazi zote mbili, alicheka sana.

"Mama yako anauzisha ku soko, anapika ku nyumba," alisema. "Ule ni bamama babili?"

Mimi nilipewa "smoke", kwa sababu nyanya yangu alikausha samaki kwa moshi na nguo zangu zilinuka hata siku ya misa. Watoto walijifanya kukohoa kila nilipofungua mdomo. Binti wa jirani yetu mvuvi alipewa "fish". Likiwa jina, alisimama amebana mikono ubavuni, macho kayatoa. Likiwa kitendo, alitembea akivuta wavu usiokuwepo, na ua mzima ulicheka, hata mke wa mwalimu aliyekuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo. Alikuwa rafiki yangu, na nilimwonea wivu. Nililitaka lile neno lake kuliko mandazi ya moto.

Kisha risasi zikasogea karibu na mtaa wetu, na baba yake akaamua kuwashusha wote kwa mtumbwi hadi Basoko, chini ya mto. Asubuhi ya kuondoka rafiki yangu alikuja kwetu mbio, sufuria kichwani.

"Unichungie neno yangu," aliniambia. "Nitarudia."

Bunduki ziliponyamaza tulirudi kwa mwalimu. Akaanza sentensi tuliyoizoea: "We smoke fish." Wa kwanza akatamka lake. Nami nikatamka langu, nikatembea hadi mahali pa rafiki yangu, na hapakuwa na mtu. Mwalimu aliniangalia kwa huruma.

"Bon, kamata na ile, mama. Utaiweza."

Neno nililolitamani siku zote lilikuwa langu.

"Hapana, mwalimu. Iko na mwenyewe. Alienda Basoko."

Hakubisha. Tangu siku ile, tukifika kwenye neno hilo tulinyamaza kidogo, kisha tukaendelea na sentensi nyingine.

Pale uani sasa pamejengwa duka. Mwalimu alishafariki, nyanya yangu pia, na rafiki yangu hajarudi. Siku hizi mimi ndiye ninayefundisha Kiingereza. Nina ubao na chaki za kutosha, lakini bado nawagawia watoto maneno, maana sijui njia nyingine iliyo bora. Mwaka huu msichana mmoja wa dawati la mbele aliyahesabu yote ubaoni, akaona moja halina mtoto, akainua mkono.

"Madame, na fish? Iko ya nani?"

"Iko na mwenyewe," nilimjibu. "Alienda Basoko."